Mama Mkwe Anaingia Majini

Likasi haina bahari. Hilo halihitaji mwalimu wa jiografia. Tuna shaba, tuna chokaa ya Kakontwe, tuna vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye kopo la sukari, lakini bahari hatuna. Sasa wewe pita pale Kikula, ukute nyumba ndogo ya uani iliyopakwa rangi ya buluu, na juu ya mlango kibao kimeandikwa: CHINI YA MAYI. MASOMO YA KUZAMA NA KURUDI. Utasimama tu. Kila mtu husimama. Wengine hucheka mpaka wakashika mbavu. Wengine huvuka barabara haraka, maana kwao mtu anayepumua chini ya maji na kurudi na afya yake lazima ana urafiki na mamba-muntu, yule mwanamke nusu samaki anayegawa utajiri kwa mkono mmoja na kuchukua roho kwa mkono mwingine.

Magloire Tshimanga, mwenye kibao hicho, huwajibu kwa sauti kutoka ndani: “Kama niko na mamba-muntu, si angenipatia hata velo ya kupanda! Muko naniona kila siku na miguu!”

Na kweli, Magloire si tajiri wala si mchawi. Ni mtoto wa hapa hapa. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi, baba yake akawa karani, naye mwenyewe alitazamiwa awe karani pia. Lakini ujanani alipata kibarua kwenye bwawa la umeme la mto Lufira. Kazi yake ilikuwa kushika kamba. Mzamiaji anashuka kung’oa magugu yaliyoziba vyuma vya mlango wa maji, na mtu wa juu anashika kamba na kusikiliza kwa vidole. Mzamiaji huyo aliitwa Mathieu. Siku moja, kwa mzaha tu, Mathieu alimvalisha Magloire maski, akamwekea kipumulio mdomoni, akamwinamisha kwenye maji ya kiuno. Magloire akavuta pumzi yake ya kwanza chini ya maji. Basi, niwaambie ukweli, mtu huyo aliharibika hapo hapo. Baba yake alimtafutia kiti cha ofisini kule Kakanda, akakikataa. Akaenda mpaka Mpulungu, upande wa Zambia, kwenye ziwa Tanganyika, akasoma kuzama, akasoma kufundisha kuzama, akarudi Likasi na cheti cha ualimu, maski kadhaa, na kikohozi. Mama yake mzazi alilia siku nzima, na si kwa ajili ya kikohozi.

Leo ana kompresa ya kushindilia hewa inayonguruma mpaka mbwa wa jirani wanaitikia. Ana mitungi ya hewa iliyopangwa ukutani, nguo za mpira zinazoning’inia kwenye kamba pamoja na nepi na mashuka, mapezi ya miguuni ya kila kipimo. Wateja wapo, msidhani hawapo. Migodi humwita kuvua pampu iliyozama kwenye shimo. Mafundi wa mabwawa huja kujifunza. Na siku za Jumamosi, kwenye pisini, bwawa la zamani la kuogelea la klabu kule Panda, huja watu wa kawaida wanaotaka tu kuona: muuguzi, fundi cherehani, na Doudou, dereva wa mashine kubwa mgodini, mwanaume anayeweza kubeba mlango wa chuma peke yake. Siku ya kwanza Doudou aling’ang’ania ngazi ya pisini akamwita marehemu bibi yake kwa jina. Magloire hakumcheka. Alikaa naye majini asubuhi nzima, akimwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya, mpaka Doudou akaachia ngazi ili tu amnyamazishe.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa Magloire. Anapenda kuzama, lakini kufundisha ndiko kunakomnyima usingizi kwa furaha. Anasema kuna kitu kinatokea machoni mwa mtu anapogundua kwamba amepumua mahali ambapo mama yake alimkataza hata kuingiza kichwa. Macho yanapanuka, yanauliza, halafu yanacheka. Kitu hicho, anasema, ukishakiona mara moja utataka kukiona kila wiki. Ndiyo maana sheria yake ya kwanza darasani ni hii: mwalimu na mwanafunzi hawaachani macho. Chini ya maji hakuna maneno. Macho ndiyo mdomo.

Sasa shikeni hapo kwenye macho, maana shida yote ilitokea hapo.

Nyumba ile ya buluu si ya Magloire. Iko ndani ya uwanja wa mama mkwe wake, Mama Marceline Ngalula. Marehemu mumewe, Baba Adolphe, ndiye aliyempa mkwe wake nyumba ile ya uani afungue duka, kwa sababu Baba Adolphe alipenda vichaa. Mwaka jana Baba Adolphe alifariki, na Mama Marceline akabaki na uwanja, pamoja na kidonda cha zamani. Mtoto wake wa kwanza, Benoît, alikufa maji. Vijana wa parokia walikwenda matembezi Kapolowe, wakapanda mtumbwi ziwani, mtumbwi ukapinduka. Wenzake walijua kuogelea, yeye hakujua. Tangu hapo Mama Marceline hali samaki wa ziwa, na mvua ikinyesha sana hufunga madirisha akaketi upande usio na dirisha. Halafu, katika wanaume wote wa Haut-Katanga, binti yake Plamedie akaenda kuolewa na nani? Na mtu wa maji. Mungu naye ana utani wake.

Kwa hiyo alipotokea Mado, mfanyabiashara wa samaki wa barafu, akaomba ile nyumba ya uani aweke mashine zake za baridi, Mama Marceline hakushtuka. Alimwambia binti yake: “Samaki ya Mado imekwisha kufa. Haiwezi kubeba mutoto ya muntu. Ambia bwana yako atafute fasi ingine mbele ya Pasaka.”

Atafute wapi? Kompresa ile haiwekwi kwenye chumba cha kulala. Nyumba nyingine zote alizouliza, mwenye nyumba akisikia neno “mayi” anamkumbuka mamba-muntu na kufunga mlango. Duka likitoka pale, limekufa, na Magloire atavaa tai aende Kakanda kwenye kile kiti alichokikataa. Alijua hivyo. Plamedie alijua hivyo pia, na alikuwa na mimba ya miezi saba, na hasira ya mimba ya miezi saba.

“Mama,” alisema Plamedie, “weye njo unakataka mambo ya batu ya quartier yote. Benye kupigania ukuta, benye kupigania mbuzi, bote banakuya kwako. Ulisha kukata mambo bila kuenda kuona?”

Hapo Mama Marceline alikuwa amebanwa. Mtaa mzima unajua: watu wakigombea mpaka wa uwanja, Mama Marceline huvaa viatu, huenda kuukanyaga mpaka wenyewe ndipo aseme neno. Wakigombea sufuria, huomba kuiona sufuria.

“Bon,” akasema. “Siku ya posho nitaenda kuona.”

“Kuona kutoka juu haina kuona, mama.”

“Nani alisema kutoka juu? Kama mambo iko mu mayi, nitaingia mu mayi.”

Plamedie alipomletea Magloire habari hiyo, Magloire alikaa chini kwenye mtungi wa hewa. Hakuogopa maji. Aliogopa bukwe.

Maana kwa watu wa Kasai, mama mkwe si mtu wa kuchezea. Mkwe wa kiume hamtazami usoni. Hamgusi mkono. Wakikutana njiani, mwanaume hupisha, huinamisha kichwa, husalimia ardhi. Hawali meza moja. Wakiwa na neno la kuambiana, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Na Magloire alikuwa mkwe wa mfano. Tangu alipomwoa Plamedie, angeweza kukutajia viatu vyote vya Mama Marceline, jozi kwa jozi, lakini ukimwuliza mama huyo ana kovu usoni au hana, hajui.

“Weye njo utamufundisha,” alimwambia mkewe. Wanafunzi wa kike Plamedie ndiye huwafundisha.

“Na hili tumbo? Daktari alinikataza mtungi. Utamufundisha weye.”

“Plamedie. Kuko kumuangalia mu macho. Kuko kumushika mukono.”

“Basi andika CHINI YA MAYI: SAMAKI YA MADO. Rangi ya buluu itabakia, haina mbaya.”

Jumamosi, ndiyo hiyo siku ya posho, ilifika na jua kali. Mama Marceline alishuka kwenye taksi akiwa amevaa kombinezo ya kazini ya marehemu Baba Adolphe, ile ya buluu ya migodini, imefungwa vifungo mpaka shingoni, miguu imekunjwa chini. Nguo ya mpira aliikataa katakata: eti mwanamke mwenye wajukuu avae mpira unaobana mbele ya mkwe wake? Doudou alipomwona alisimama wima akasalimu, akidhani ni mkaguzi wa usalama.

Somo la nchi kavu lilikuwa hivi. Mama Marceline aliketi kwenye kiti upande mmoja wa kipumulio. Magloire alisimama mbali, akiutazama ukuta. Katikati Plamedie, mikono kiunoni.

“Plamedie,” akasema Magloire kwa ukuta, “ambia mama asifunge pumzi hata mara moja.”

“Mama, anasema usifunge pumzi.”

“Mwambie nimesikia. Niko mukwe, siko kiziwi.”

“Anasema amesikia.”

“Ambia mama, maji yakiingia mu maski, asiogope. Abonyeze juu, apulize na pua.”

“Mama, apulize na… eh! Mama, puliza na pua. Nimechoka na mutu wa tatu, minye!”

Doudou akageuka kucheka. Mama Marceline akamtupia jicho, Doudou akapona kicheko mara moja.

Wakaingia upande wa maji ya kifuani. Maji yalipomfika Mama Marceline magotini alisimama. Midomo yake ilikuwa inatembea, anasali au anamwita mtu, hatujui. Kisha akapiga hatua nyingine, na nyingine, kombinezo ikajaa hewa na kuvimba mgongoni, na Plamedie pale ukingoni akauma kanga yake asilie wala asicheke. Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama Marceline hakuvua hata kifungo, lakini aliyaoga.

Walipiga magoti chini ya maji, mwalimu na mwanafunzi, uso kwa uso. Uso kwa uso ni namna ya kusema. Magloire alipiga magoti akiinamisha kichwa kama mtu anayepokea sakramenti. Alitazama miguu ya kombinezo. Aliona mapezi yametulia, akafurahi: mama anaendelea vizuri. Aliona mapezi yanatikisika kidogo, akasema moyoni, anajaribu kuogelea, mama shujaa. Aliona mapezi yanapiga, yanapiga kwa nguvu, na bado yule mwalimu mwenye cheti cha Mpulungu, mwalimu ambaye sheria yake ya kwanza ni macho, alikuwa anayasifu mapezi kwa heshima zote za mkwe mwema.

Maski ya Mama Marceline ilikuwa imejaa maji mpaka kwenye nyusi.

Alichoelewa Magloire baadaye ni kwamba mkono ulitoka juu, ukakamata sikio lake la kushoto, ukalivuta. Alitokea juu ya maji akifuata sikio. Mbele yake alisimama mama mkwe, maski imepanda kwenye paji la uso, maji yanamchuruzika, anakohoa, na ana kovu dogo juu ya unyusi wa kulia. Alikuwa bado ameshika sikio.

“Weye!” alisema Mama Marceline, moja kwa moja, bila mtu wa tatu. “Weye uliangalia nini kule chini?”

“Miguu, mama.”

“Miguu! Minye niko nakufa, weye uko na miguu! Heshima gani hii? Benoît yangu, batu balikuwa pembeni. Batu mingi. Kila mutu aliangalia fasi ingine, eti kila mutu alizani mwenzake njo anamuona. Na weye pia?”

Magloire alitaka maji yammeze, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani asiwe na mtungi. Aibu ilimchoma kuliko sikio. Yeye! Mtu aliyewafundisha watu kwamba macho ndiyo uhai, amemwacha mwanafunzi wake peke yake kwenye maji ya kifua, na mwanafunzi huyo ni mama wa Benoît.

“Mama, unihurumie,” alisema, na bado alikuwa anayasemesha maji.

“Angalia huku.”

“Mama, bukwe…”

“Bukwe ni ya nani? Haina yangu? Minye njo niko na haki ya kuifungua. Mbuzi utaleta kesho, bazee batakula, itakuwa sawa. Leo kuko mayi. Mayi haina mukwe. Angalia huku, nakuambia!”

Magloire akainua uso. Macho ya Mama Marceline yalikuwa mekundu kwa klorini na kwa mengine, na yalikuwa ya Plamedie kabisa, yale yale, na yeye hakuwahi kujua.

“Sasa njo unifundishe,” akasema Mama Marceline, akaliachia sikio.

Alimfundisha. Alimfunga maski upya kwa mikono yake mwenyewe, akazitoa nywele zilizobanwa ukingoni mwake zikapitisha maji. Alimwonyesha kubonyeza na kupuliza, tena na tena, mpaka mama akachoka kufaulu. Kisha akamnyooshea mikono yote miwili. Mama Marceline aliitazama ile mikono kama mtu anayeangalia daraja asilolijua, akaishika. Wakashuka.

Safari hii Magloire hakupepesa. Aliona hofu ikiingia machoni mwa mama, akatikisa kichwa polepole: pumua. Mapovu yakatoka. Akaona hofu ikirudi, akambana vidole: pumua. Mapovu tena. Wakatambaa taratibu kwenye sakafu inayoteremka, mpaka juu yao kukawa na maji ya kutosha kumfunika mtu na nyumba yake ndogo. Pale chini wakakaa. Jua lilikuwa linacheza juu ya vigae. Na macho ya Mama Marceline yakapanuka, yakauliza. Lakini hayakucheka kama ya wengine. Yalibaki wazi, yakisikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mpaka pale ukingoni Plamedie akaanza kumgombeza Doudou bila sababu.

Walipotambaa kurudi na kutokea juu, Mama Marceline hakuvua maski. Alitoa kipumulio mdomoni, akasimama, maji kifuani, bado ameshika mkono mmoja wa mkwe wake.

“Kuko kimya,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Hii miaka yote, nilizani mutoto yangu alikufa mu makelele. Usiku nilikuwa nasikia makelele. Nilizani chini kule kuko kitu kinamulilia, kinamukokota.” Akamgeukia binti yake ukingoni. “Kumbe kuko kimya. Chini kuko kimya sana, Plamedie!”

Magloire amewahi kuitwa kutafuta watu ziwani. Anajua mtu anavyokufa maji, na anajua njia ya kufika chini si ya kimya. Maneno yalimjaa mdomoni, maana ni mwalimu, na mwalimu hapendi mwanafunzi aondoke na nusu ya jibu. Alimtazama mama huyo machoni, jambo ambalo sasa aliliweza.

“Ndiyo, mama,” akasema. “Chini kuko kimya.”

Hakudanganya. Nusu nyingine aliimeza, na mpaka leo hajamwambia mama mkwe wake.

Mama Marceline alilia kidogo ndani ya maski, na maski ikajaa tena, akabonyeza juu akapuliza kwa pua kama alivyofundishwa, bila kuambiwa. Plamedie alikuwa analia pia, na Doudou, ambaye alisema ni klorini, ingawa hakuwa ameingia majini.

“Mado nitamuambia minye mwenyewe,” alisema Mama Marceline, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kukata mashauri ya mtaa. “Samaki atafutie fasi ku soko. Hii kazi itabakia ku nyumba yangu. Lakini musikie muzuri: batoto ba paruasi, ba kanisa yetu, mutoto hata moja asiende Kapolowe kama hajapita hapa kwanza. Hata kama anapiga kelele, hata kama mama yake anakataa. Umuangalie mu macho mpaka ajue. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

“Na usiangalie miguu ya mutu tena.”

“Hapana, mama. Kamwe.”

Mama Marceline akarudisha kipumulio mdomoni, akauachia mkono wa mkwe wake, akainama, na kabla mtu hajasema kitu kombinezo ya buluu ikatoweka, mapovu yakielekea upande wa kina kirefu.

“Mama!” Magloire alipiga kelele mpaka mlinzi wa lango akaja mbio. Mkwe wa mfano, mkwe wa kusalimia ardhi, alikuwa anamfokea mama mkwe wake mbele ya watu wote wa Panda. “Mama, hapana! Mutu hashuke peke yake! Hata siku moja! Kuya huku!”

Mapovu yakasimama. Yakageuka. Kichwa cha Mama Marceline kikatokea, maski imekaa upande, na mdomo unacheka. Jina la mume wa binti yake alikuwa hajalitamka hata siku ya harusi.

“Basi kuya, Magloire,” alisema, akamnyooshea mkono. “Niko nakungojea.”